Kitabu cha Mbinu Nilichokipata Baada ya Kupoteza Mechi Tisa

Usiku wa kuamkia jana nilihamia kitabu changu cha tatu cha mbinu za kushambulia katika College Football 25, gemu la video la futiboli ya Marekani inayochezwa na timu za vyuo, na kwa kuwa uchaguzi wangu wa awali ulinigharimu misimu miwili ya aibu, nimeona niueleze kwa kirefu, hasa kwa ajili ya wale wanaoanza kuongoza timu dhaifu katika ile sehemu ya gemu ambapo kocha hubaki na chuo mwaka baada ya mwaka, akisajili vijana wa sekondari na kuwaaga wanapohitimu.

Kampuni ya EA Sports ilitoa gemu hili Julai 2024, miaka 11 baada ya lile lililotangulia, likiwa na vyuo 134, kila kimoja na kitabu chake cha mashambulizi, na juu ya hivyo kuna vitabu vya jumla vilivyopangwa kwa mitindo. Kocha unayemuunda halazimiki kutumia kitabu cha chuo anachofundisha. Uhuru huo ndio ulioniponza, maana nilifanya kama mtu aliyenunua kitenge kwa kuvutiwa na rangi bila kumpima atakayekivaa.

Kwa kuwa ninaishi Texas, nilianza na Air Raid. Mtindo huu ulijengwa na Hal Mumme na Mike Leach katika chuo kidogo cha Iowa Wesleyan kuanzia 1989, na baadaye Leach akaufanya uwe utambulisho wa chuo cha Texas Tech, alikofundisha kuanzia 2000 hadi 2009. Wapokeaji wanne, yaani wanaodaka pasi, hutawanywa kwa upana wa uwanja na mpira hurushwa karibu kila mara. Unapendeza kuutazama, lakini unataka kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, mwenye mkono wa uhakika na watu watano wa safu ya mbele wanaoweza kumlinda bila msaada. Wangu alikuwa na miguu myepesi na mkono wa kawaida tu, na safu yake ya mbele ilipitika kama mlango wa sokoni. Katika mechi 12 za msimu nilipoteza tisa.

Mpwa wangu, ambaye huja kucheza nami Jumamosi, alitazama mechi mbili kimya, kisha akasema, "Mjomba, samahani, lakini unafunua kurasa mno. Kila mara unaita mbinu mpya."

Nilimjibu kwa ukali ambao hakuustahili, ingawa alikuwa amegusa nusu ya tatizo. Leach mwenyewe alijulikana kwa kurudia mbinu chache mno, ikiwemo ile ambapo wapokeaji wawili hukatizana katikati ya uwanja hadi karibu kugusana mabega ili mabeki wao wagongane. Mimi nilikichukulia kitabu kikubwa kuwa ndicho kitabu kizuri. Gemu lenyewe hukuadhibu kwa kosa hilo unapocheza ugenini, kwa sababu katika kiwanja chenye kelele kama Kyle Field cha Texas A&M, kinachobeba zaidi ya watu 102,000, michoro ya njia za wapokeaji huanza kupindapinda kwenye skrini, na asiyezijua njia hizo kwa moyo hubaki akikisia.

Nusu ya pili ya tatizo ilikuwa safu ya mbele, na hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye mtindo unaohusishwa na vyuo vya kijeshi vya Army, Navy na Air Force, ambavyo kwa muda mrefu vimekabiliana na timu zenye wachezaji wakubwa kuliko wa kwao. Katika mtindo huo kwotabeki anaweza kumpa mpira mkimbiaji wa katikati, kuushika na kukimbia mwenyewe, au kumtupia mwenzake anayekimbia pembeni, na anaamua kwa kuwasoma walinzi wawili ambao wameachwa makusudi bila mtu wa kuwazuia. Walinzi wawili wasiozuiwa maana yake ni kwamba wazuiaji wako dhaifu wana kazi pungufu, na mara nyingi wawili wanaweza kumwendea mlinzi mmoja. Isitoshe, kukimbia na mpira kunakula saa, na timu dhaifu hufaidika mechi inapokuwa fupi.

Nilishinda mechi sita kwa kitabu hicho, na bado nikakiacha. Timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Kila nilipofika jaribio la tatu nikiwa nimebakiza yadi tisa, nilikifungua kitabu nikakuta hakina neno la kuniambia. Nikitanguliwa kwa pointi 14, ndiyo ilikuwa imekwisha.

Ndipo nikahamia kwenye kitabu chenye kurasa nyingi za mpangilio wa pistoli, ambao kocha Chris Ault aliuanzisha katika chuo cha Nevada mwaka 2005. Kwotabeki husimama kama yadi nne nyuma ya anayeanzisha mpira, na mkimbiaji husimama moja kwa moja nyuma yake, si ubavuni, kwa hiyo walinzi hawaoni dalili ya upande utakaoshambuliwa. Ni humo alimokulia kwotabeki Colin Kaepernick, aliyemaliza chuo akiwa na zaidi ya yadi 10,000 za pasi na zaidi ya 4,000 za kukimbia.

Kwangu faida kubwa ya pistoli inatokana na umbo la uwanja wa vyuo, jambo ambalo sikulipa uzito hapo awali. Uwanja una upana wa futi 160. Katika NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, mpira huanzishwa karibu na katikati daima, kwa kuwa mistari midogo inayoamua mahali pa kuuweka imeachana futi 18 na nusu tu. Vyuoni imeachana futi 40, hivyo mara nyingi unabaki na futi 60 upande mmoja na 100 upande wa pili. Kimbilia upande mwembamba na mkimbiaji atakuwa nje ya mstari kabla hajageuza bega. Mkimbiaji anaposimama katikati, sihitaji kumhamisha ili kuufikia upande mpana, na mlinzi anayekimbilia huko mapema huacha nafasi nyuma yake. Sheria nayo inasaidia: vyuoni wazuiaji wanaruhusiwa kusonga hadi yadi tatu mbele kabla pasi haijarushwa, huku NFL ikiwapa yadi moja, na ndiyo maana mbinu zinazomwachia kwotabeki uamuzi wa kukimbia au kupasi mpira ukiwa tayari unachezwa zinafanya kazi vizuri zaidi hapa.

Sasa ninatumia mipangilio mitatu na mbinu kama 15, zote zikianza kwa sura ileile. Dosari ni kwamba gemu linahesabu kila kishindo ambacho mwili wa mchezaji unapokea, na kwotabeki wangu, niliyempenda kupita kiasi, alifika Novemba akiwa hawezi kurusha mpira yadi 20. Siku hizi simruhusu kukimbia zaidi ya mara nane katika mechi moja.

Amebakiza msimu mmoja. Nyuma yake nimesajili kijana mwenye mkono wa nguvu na miguu mizito, na mpwa wangu ameanza kuuliza kama tutarudi kwenye Air Raid. Nimemwambia tusubiri kwanza tuione safu ya mbele.