Siku moja maishani mwangu: wakala wa Mwaloni na daftari lenye pande mbili

Saa 11 alfajiri. Kabla sijanawa uso nafungua simu kuangalia mechi niliyopoteza jana usiku huku usingizi umenishika. Mchezo wenyewe ni chesi, au sataranji kwa wanaopenda Kiswahili cha vitabuni. Nina miaka 3 tu tangu niijue, na nimeianza nikiwa mtu mzima, mama wa watoto wawili, mwenye kibanda cha kutoa na kuweka pesa za simu kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa drafti, tena wa kuogopwa. Ubaya wangu wote ulianzia huko.

Kwenye drafti kula ni lazima. Ukiwekewa kete unakula, hata kama unaona kabisa kwamba mbele yake kuna shimo. Mkono wangu ukakulia hivyo. Chesi haimlazimishi mtu kula, lakini nenda kaueleze mkono.

Mechi ya jana ndiyo hiyohiyo. Askofu wangu alikuwa amembana farasi wake mbele ya malkia, nikajua farasi yule haendi popote, maana akisogea tu namla malkia. Katikati kulikuwa na kitunda chake, mmoja wa wale askari wadogo wa mbele, na mlinzi wake alikuwa farasi huyo peke yake. Nikakila kwa farasi wangu. Jamaa akamnyanyua yule farasi "asiyeenda popote", akamla wangu, akaniachia malkia. Nikamla malkia huku nacheka peke yangu kitandani. Hatua iliyofuata askofu wake akanipiga cheki, yaani akamlenga mfalme wangu, na cha kuziba nilikuwa nacho kimoja tu: malkia wangu mwenyewe. Tulipomaliza kulana, mimi nilikuwa nimepata kitunda, yeye farasi mzima. Nimekuja kujua mtego huo una jina, Mtego wa Tembo, na kwamba watu wamekuwa wakinaswa nao tangu kabla bibi yangu hajazaliwa. Hilo halikunifariji.

Saa 12 na nusu, daladala kutoka Igoma. Saa 1 nimefungua. "Mwangaluka," mama wa uji ananisalimu, naitikia, nachukua kikombe changu, nahesabu keshi, naangalia floti, yaani pesa iliyo kwenye laini ya kazi, naandika.

Niseme kidogo kuhusu kazi hii, maana watu wanaona mtu amekaa kivulini na mabunda ya noti wanadhani ni tajiri. Zile noti si faida, ni mtaji, na sehemu yake ni mkopo wa kikundi. Changu ni kamisheni, na kamisheni huja kwa vijisenti. Halafu kuna mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa, wavuvi wanapumzika, na mimi napiga miayo. Giza likirudi mitumbwi inarudi, magunia yanapangwa, wanunuzi wa Kongo na Burundi wanafika, na kila mtu anataka pesa yake sasa hivi. Wiki hii ni giza. Hadi saa 4 sikuwa nimenyanyua kichwa.

Saa 4 na robo akaja yeye. Mfanyabiashara, kofia ya pama, simu moja sikioni, nyingine mkononi. Anataka kutuma 480,000. Ananitajia namba kwa kichwa huku akibishana na mtu wa simuni kuhusu bei ya gunia. Nikairudia namba, akaitikia kwa kichwa. Jina likatokea, nikamsomea. Akanipungia mkono, ule wa kufukuza nzi. Nyuma yake foleni ya watu tisa, mmoja anasonya. Nikabonyeza. Akasaini kwenye daftari bila kutazama, akaondoka.

Dakika kumi hazikuisha.

"Wewe dada, hela yangu iko wapi?"

"Imeenda, kaka. Meseji yake hii hapa."

"Imeenda kwa nani? Mtu wangu hajapata kitu! Hili jina ni la nani?"

"Ndilo jina nililokusomea."

"Hukunisomea!"

Tarakimu moja ndiyo ilikuwa imekosewa, na kaitaja yeye, 6 mahali pa 9. Lakini sauti ilikuwa yake na kibanda ni changu, na watu Mwaloni wakisikia neno "wizi" hawaulizi la pili. Foleni ikageuka mkutano. Mmoja anasema mawakala wote ni walewale. Mwingine, wala hana hela ya kutuma, anadai niitiwe polisi. Napiga huduma kwa wateja, muziki. Napiga tena, muziki uleule, sasa nauweza hata kuuimba. Nampigia aliyepokea, simu imezimwa. Namtumia ujumbe wa kiungwana, na nikiwa nauandika najiona kabisa nafanana na wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Nani angenijibu?

Jua likahamia kibandani. Uji ukapoa, inzi akaingia. Wateja wakaenda kwa jirani, nikiwaona. Bwana kofia amekalia ndoo yangu ya maji, kila dakika mbili anasema "nasubiri", kana kwamba mimi nilikuwa matembezini. Hatimaye dada mmoja wa huduma kwa wateja akapokea, akachukua namba ya muamala, akasema pesa bado haijatolewa, wameizuia, itarudi. Lini? Tusubiri. Nikamfungulia bwana yule daftari, nikamwonyesha namba na saini yake pembeni. Akaitazama muda mrefu. Akapunguza sauti, hakuomba radhi.

Ilirudi saa 9 na kitu mchana, au ilikuwa saa 10, sikumbuki. Akaja kuichukua. Alichosema ni hiki: "Dada, una chenji ya elfu kumi?"

Nilikuwa nayo. Nikampa.

Alipoondoka niliandika upande wa mbele wa daftari, chini ya muamala wake: "Mkono si jibu. Asipotamka jina, usibonyeze." Maana kusoma nilisoma, ila nilisoma ili nimalize.

Upande wa nyuma wa daftari hilohilo ni wa chesi. Aliyenifundisha ni Mwalimu, mstaafu mmoja aliyesomea Kiev miaka ya 1980 na kurudi na ubao. Ngome mmoja amepotea siku nyingi, nafasi yake imechukuliwa na kizibo cha soda. Yeye ndiye aliyenikataza kukimbilia programu ya kuchambua mechi nikishapoteza. Kwanza niandike mwenyewe: nilikosea wapi, na nilikuwa nawaza nini. Programu itakuonyesha hatua mbaya, ila haitajua kwa nini uliipenda. Hunitajia Botvinnik, bingwa wa dunia wa mwaka 1948, aliyewashauri wachezaji wachapishe uchambuzi wao ili wengine wauchokonoe makosa. Mimi sina wa kunichapishia, nina kauntabuku. Katika mechi 30 za mwisho nilizopoteza, 17 nimeandika maneno mawili: "nilikula tu."

Jioni nikafunga, miguu imevimba, nikamkuta chini ya mti karibu na maji, korongo wamesimama kwenye taka kama wazee wa baraza.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Wamekupiga leo?"

"Karibu."

Akapanga kete. Hatua ya kumi na kitu akakiacha kitunda wazi, peupe, katikati. Nikaikalia mikono yangu, kweli kabisa, nikaikalia. Nikatafuta mlinzi wake, nikatafuta cheki, nikatafuta malkia wangu yuko wapi. Sikukila. Mwalimu akaguna. Kwa kujisifu moyoni nikasahau saa ya kumtoa mfalme katikati, na ngome wake, si yule wa kizibo, akanimaliza kwenye hatua ya ishirini na tatu.

Mwalimu alifurahi kuliko siku zote. "Leo umekufa kifo kingine!"

Nyumbani saa 3 usiku. Watoto wamelala. Nimehesabu keshi, imepungua 2,000. Nikahesabu tena. Bado 2,000. Ile chenji.