Anaweza Kusema Hivyo?

Grupu la ukoo limenyamaza tangu juzi. Mnalijua lile grupu, halinyamazi hata kwa msiba: watu wanapeana pole, na papo hapo mwingine anatupia tangazo la vitenge. Lakini juzi usiku binamu aliandika kwamba figo za kijana wa mama mkubwa zimefika mwisho, madaktari wamesema anahitaji kupandikizwa nyingine, kwa hiyo familia ijitafakari. Ikamiminika mikono ya kusali. Mikono, mikono, picha moja ya Simba iliyokosea grupu, mikono tena. Kisha kimya.

Jana shangazi akanipigia pembeni. "Wewe si ndiyo zilikuwa kazi zako? Hebu tuambie tumtoe nani."

Nikamwambia nitampigia baadaye. Sijampigia. Nimeshinda na yule binti wa Lushoto kichwani.

Kazi zangu, ndiyo. Mratibu wa upandikizaji ni nesi wa kalenda na simu. Anapanga vipimo, anafuatilia sampuli zilizokwenda maabara, anaomba chumba cha upasuaji kama anaomba mkopo, anamkumbusha mgonjwa asikubali kuongezewa damu ovyo, maana kila chupa inaweza kumjengea kinga itakayokuja kuikataa figo. Novemba 2017 Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, na Machi 2018 Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata. Kabla ya hapo mgonjwa alipanda ndege kwenda India, na ndugu wa kumtolea figo ameketi kiti cha pembeni. Tulipoanza kufanya wenyewe, ndege ikaondoka, ndugu akabaki palepale. Figo za marehemu hatukuwa nazo, za kununua ni kosa. Kila figo iliyopita mikononi mwangu ilitoka kwa mtu aliyekuja na miguu yake, amekaa kwenye benchi letu, amenywa chai yetu ya mkono mmoja.

Hospitali siitaji, na mtaona kwa nini.

Mgonjwa alikuwa mwalimu. Alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, na mkono wa kushoto ulikuwa na ile fistula, mishipa iliyounganishwa kwa ajili ya mashine, ambayo ukiigusa inanguruma chini ya kidole kama paka. Mtu mpole, anasahihisha madaftari huku mashine inazunguka. Kundi lake la damu lilikuwa A. Familia ilikaa kikao huko kwao, halafu wakaja wengi, wakajaza korido, na aliyeongea alikuwa kaka mkubwa, mfanyabiashara wa mbao ambaye sauti yake ilifika kliniki kabla yake.

"Sista, sisi tumeshamaliza. Huyu hapa." Akamsogeza mbele kwa bega mdogo wao wa mwisho. "Hana mume, hana mtoto, hana kazi. Sisi wengine tuna majukumu."

Alisema hayo binti akiwa amesimama palepale. Mimi nikaandika jina.

Vipimo vya mwanzo vikaenda kama maji. Damu yake O, na O inampa yeyote. Tukachanganya seli zake na maji ya damu ya kaka yake, hazikugombana. Presha nzuri, sukari nzuri. Kuna kipimo ambacho mtoaji anakusanya mkojo wake wa saa 24 ili tuone figo zinachuja kiasi gani, na hapo ndipo wengi wanapotuangusha, maana wanasahau wa usiku au wanaona haya kubeba kidumu kwenye daladala. Yeye alikuja na kidumu kimefungwa kanga ndani ya kikapu, na juu yake kikaratasi alichoandika kwa kalamu ya risasi saa ya kila alipokwenda haja. Wa kwanza, saa kumi na moja na robo alfajiri. Sikuwahi kuletewa mkojo uliokusanywa kwa utii namna ile. Nadhani hapo ndipo niliposhtuka kidogo, ila nilikuwa na mambo mengi.

Ikaja siku ya mazungumzo ya faragha. Hii ni sehemu ya kazi ambayo haina mashine. Mtoaji anaingia peke yake, mlango unafungwa, ndugu wanabaki nje hata kama ni askofu. Kaka mkubwa alitaka kuingia "kumsaidia kujieleza". Nikamwambia kliniki ina kanuni zake. Akakaa kwenye benchi linalotazamana na mlango, akakunja mikono.

Chumba kile kilikuwa stoo zamani. Meza, viti viwili, kalenda ya kampuni ya dawa, feni inayolia kila inapofika upande wa dirisha. Binti akakaa ukingoni mwa kiti, kikapu mapajani ingawa siku hiyo hakikuwa na kitu.

"Shikamoo sista."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa hiari yako?"

"Ndiyo sista."

"Unajua tutachukua figo ya upande gani?"

"Kushoto, sista." Alikuwa amemsikiliza daktari: mshipa wa figo ya kushoto ni mrefu zaidi, unashoneka vizuri.

"Unajua kwamba unaweza kukataa mpaka dakika ya mwisho, hata ukiwa umelala kwenye kitanda cha upasuaji?"

"Ndiyo sista."

"Kuna mtu amekuahidi kitu? Shamba, hela, ada?"

"Hapana sista."

Alijibu kama anaitika rejista. Ningemuuliza kama yeye ndiye mkuu wa mkoa angesema ndiyo sista. Karatasi yangu ilikuwa imejaa majibu sahihi, na wapo wenzangu ambao wangefunga faili hapo na kwenda kula.

Nina swali moja huwa naliacha mwisho. Sikulibuni mimi, nilifundishwa na dada mmoja aliyenitangulia kwenye kazi hii. Ukimuuliza mtu kama anataka, atakujibu anachopaswa kutaka. Kwa hiyo unamuuliza vingine.

"Tuseme kesho daktari anaingia hapa anakwambia, samahani mama, figo yako haifai, nenda nyumbani. Utajisikiaje?"

Wanaotaka kweli hushtuka. Nimeshaambiwa Mungu apishe mbali. Mama mmoja aliniuliza kama anaweza kupimwa upya mahali pengine, mzee mmoja alinikasirikia kabisa kana kwamba nimeshamkataa. Ndiyo jibu ninalolisubiri, ule mshtuko.

Binti hakushtuka. Feni ikaenda dirishani ikalia, ikarudi. Vidole vyake vilikuwa vinapapasa ukili wa kikapu, mahali palipofumuka, anauchomeka ndani, unatoka, anauchomeka tena. Akageuka kuutazama mlango. Chini ya mlango palikuwa na upenyo, na kwenye upenyo vilionekana viatu vya kaka mkubwa, vyeusi, vimepigwa rangi vizuri, kimoja kinatingishika. Akavitazama vile viatu. Kisha akajisogeza mbele mpaka kikapu kikagusa meza yangu, akashusha sauti.

"Anaweza kusema hivyo?"

Lilikuwa jibu lake la kwanza lisilokuwa na sista.

Nikamwambia anaweza. Akavuta pumzi, akatoa, akavuta nyingine, na mabega yakashuka mpaka nikagundua kwamba tangu nimjue sikuwahi kuyaona yakiwa chini. Ndipo akaongea. Kaka yake mwalimu anampenda, ndiye aliyemfundisha kusoma kwa kumwandikia herufi kwenye majivu jikoni. Lakini dada yao mmoja aliingia chumba cha upasuaji kujifungua na hakutoka, na yeye ndiye aliyebebeshwa nguo zake kurudi nazo nyumbani. Kila akifumba macho anaziona zile nguo. Na akisema hapana, atarudi wapi? Nyumba ni ya mama, na mama anamsikiliza kaka mkubwa.

"Usiwaambie," akasema. "Waambie figo."

Huwa nawaza habari ya wale mapacha wa Boston, wa upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa, Desemba 1954. Ronald Herrick ndiye aliyempa Richard figo. Inasimuliwa kwamba usiku wa kuamkia upasuaji Richard alimtumia mwenzake kikaratasi: ondoka hapa, nenda nyumbani. Ronald akajibu kwamba yupo na atabaki. Yaani mgonjwa mwenyewe alimfungulia ndugu yake mlango, ndipo akabaki. Kwa yule binti hakuna aliyefungua kitu. Liliandikwa jina.

Daktari wetu, nilipompelekea habari, hakusita. Alisema mtu asiyetaka kukatwa hafai kukatwa, na hiyo ni sababu ya kitabibu kama nyingine yoyote. Barua ikatoka: hafai kuchangia figo kwa sababu za kitabibu. Hakuna ugonjwa uliotajwa. Kabla ya kuitoa nilimwita binti nikamwambia wazi, figo zako zote mbili nzima. Kisha nikatoka kwenye korido nikamsomea kaka mkubwa, kwa uso ule tunaouvaa.

"Tatizo gani? Si atibiwe?"

"Majibu ya mtu ni ya mtu, kaka."

Alinitazama muda mrefu. Halafu, na hili nampa sifa, akakunja shati mkono. "Basi nipimeni mimi."

Tukampima. Kundi A, sawasawa na mdogo wake. Na sukari ya kisukari cha siku nyingi, ambacho mwenyewe hakujua kama anacho. Mwenye kisukari cha namna hiyo hatoi figo, zake mwenyewe ziko hatarini. Nikamwandikia barua ya maneno yaleyale, hafai kwa sababu za kitabibu, nikamwelekeza kliniki ya kisukari. Akaniomba nisimwambie mtu. Nikatimiza.

Sasa mnaona ilivyokuwa. Binti mzima wa afya, ukoo mzima ukaamini ni mgonjwa. Mama akamzungusha kwenye maombi, akamkataza kubeba maji, na mposaji aliyekuwa akinukia kijijini akanukia kwingine. Kaka mkubwa, mgonjwa kweli, hakuna aliyemwamini. Walisema amemhonga sista. Walisema sauti yote ile na kumbe moyo wa kuku. Niliyasikia kwa mwalimu mwenyewe, akiwa kwenye mashine, anayasimulia huku anacheka kwa uchungu, na mimi nimeshika faili mbili zenye majibu yote nikawa naangalia presha yake.

Mwalimu alipata figo baadaye. Ilitoka kwa ndugu wa baba mmoja, dereva wa lori la mchanga Chalinze, ambaye hakuitwa kwenye kikao kwa sababu ya ugomvi wa shamba. Alisikia habari njiani, akaja na lori, akaliegesha vibaya nje ya geti. Swali langu la mwisho lilimuudhi sana. Siku ya upasuaji figo ilipounganishwa ikageuka kutoka kijivu ikawa ya waridi, na mkojo ukatoka hapohapo mezani kabla hawajamaliza kushona. Mwalimu sasa anameza takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, kila baada ya saa kumi na mbili na ana figo tatu, maana zile mbovu hatuzitoi, ingawa watu hawaamini.

Binti nilikutana naye Mombo, miaka imepita, mimi nimeshaacha kitengo. Basi lilisimama, wauza matunda wakazunguka madirisha, na mmoja mwenye mtoto mgongoni na beseni la plamu akaita "Sista!" Nikashuka. Ameolewa na mtu wa Soni, mtu mwema, akasema. Hakumficha lolote, alimwambia mapema kwamba ana figo mbovu, akamchukua hivyohivyo.

"Lakini si nzima?" nikamwambia. "Nilikueleza."

Akapanga plamu zake upya, zilizoiva juu.

"Ulinieleza. Ila mgongo ukiniuma nawaza. Mimba ya huyu miguu ilivimba, mkunga akaniuliza nina historia gani, nikakosa la kumwambia. Nikasema labda sista alinificha. Na kaka ulimwambia sifai, nilikuwa namtazama usoni sista, uso ulikuwa huuhuu."

Kondakta akaanza kupiga bati la basi. Nikamwambia tena kwamba ni nzima, nikajisikia jinsi ninavyolisema. Akatikisa kichwa kwa adabu, ndiyo sista. Nikachana kipande cha tiketi, nyuma yake nikamwandikia vipimo vya figo, kreatinini ya damu na protini kwenye mkojo, nikamwambia aende hospitali yoyote, hapo Korogwe hata, apimwe na watu wasionijua, majibu apewe yeye mwenyewe.

Akaisoma karatasi, akaikunja ndogo, akaichomeka kwenye pindo la kanga.

"Shilingi ngapi?" akauliza.