Kikaango cha Shangazi

Shangazi yangu alipokuja Nairobi kutoka Mombasa kwa matibabu ya macho, alikaa nasi South C, na siku za mwanzo alikunywa kahawa yangu kwa adabu tu. Wakati huo nilipenda kahawa iliyokaangwa kidogo, ambayo hubaki na ule ukali wa matunda unaoipa sifa kahawa ya milima yetu. Jioni moja akaweka kikombe chini, akasema, "Mwanangu, hii ni sharubati. Kahawa iko wapi?"

Kabatini palikuwa na mfuko wa buni mbichi za SL28, aina iliyoteuliwa katika maabara za Scott pale Kabete miaka ya 1930, ambazo rafiki alinipa aliporudi kutoka Nyeri. Shangazi alizichambua kwenye ungo, akaagiza kikaango kizito na mwiko, kisha akaniamuru nifungue madirisha yote, agizo nililoliona la kupita kiasi hadi moshi ulipoanza.

Kijani kiligeuka manjano, harufu ya nyasi kavu ikawa ya mkate, na hatimaye buni zikaanza kupasuka kwa mlio kama wa bisi. Wapendao kahawa nyepesi huepua muda mfupi baada ya hapo. Shangazi aliendelea kukoroga. Mlio ulikoma, rangi ikakolea, kisha ukaanza mlio wa pili, mdogo na wa harakaharaka, huku mafuta yakijitokeza juu ya buni. "Basi!" akasema, na papo hapo akazimwaga kwenye ungo na kuzipepeta dirishani ili zipoe na kumbi zipeperuke. Haraka hiyo ilikuwa na sababu, kwa kuwa buni huendelea kuiva kwa joto lake zenyewe, na kuchelewa kidogo tu huzifanya makaa. Wanaodai kwamba kukaanga sana ni kuunguza, nadhani hawajamwona mtu anayejua kuepua.

Tulizitwanga kinuni. Yeye alichemsha yake kwa tangawizi katika dele alilosafiri nalo. Mimi nilitumia birika la kioo lenye chujio la kusukuma, gramu 18 kwa mililita 300 za maji. Kahawa iliyokolea hutoa uchungu upesi, kwa hiyo hufaa maji yaliyopoa kidogo. Nilimweleza kwamba Nairobi, kwa kuwa iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, wala si 100 kama kwao Mombasa, na kwa hiyo inatosha kuyangoja kidogo tu. Alitafakari, akasema kumbe ndiyo maana maharagwe ya huku hayaivi.

Katika kikombe changu ule ukali ulikuwa umekaribia kutoweka, na mahali pake pakawa na ladha ya chokoleti chungu na sukari iliyoungua, pamoja na utamu wa mbali wa zabibu kavu. Povu lilikuwa jingi mno, kwa sababu buni zilizotoka motoni hujaa hewa ya ukaa, nami nikapendekeza zilizobaki zipumzike. Shangazi aliona ni uvivu tu wa watu wa bara. Siku mbili baadaye, ladha ilipokuwa imetulia zaidi, alikiri kwamba kahawa ya birika langu inanyweka, mradi niimimine katika vikombe vidogo na nisisahau kashata.