Nilivyotumia bei za dukani kumfundisha mpwa wangu kutoa sehemu

Mpwa wangu yuko darasa la tano, na KDS (kigawe kidogo cha shirika, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa namba za chini za sehemu zote) anaijua vizuri tu. Mpe 3/4 − 2/3 peke yake, anakuandikia 9/12 − 8/12, jibu 1/12, na haraka anataka nyingine. Kinachomtoa jasho ni mafumbo. Huwa anayafanyia dukani kwangu jioni, wateja wakipungua.

Lililotukwamisha lilikuwa hivi: mama alikuwa na 3/4 ya lita ya mafuta, akatumia 2/3 ya mafuta hayo kukaangia samaki, yalibaki kiasi gani? Akajibu 1/12 ya lita. Nikamwambia asome tena. Akasoma, akarudi na 1/12 ileile.

"Mjomba, si wameandika 'yalibaki'? Yalibaki ni kutoa."

Kumbe alikuwa anawinda neno, hasomi habari. (Wapo wanaofundisha hivyo: ukiona "jumla" jumlisha, ukiona "baki" toa. Mimi siipendi njia hiyo hata kidogo.) Nikamwambia, tufanye lita moja ni shilingi 6,000. Robo tatu ni shilingi ngapi? Hapo hakuhitaji kalamu: buku nne na jero. Sasa mama katumia theluthi mbili za nini, za lita nzima au za hiyo buku nne na jero? Akakodolea daftari, akaweka kidole kwenye "hayo". Theluthi mbili za 4,500 ni 3,000. Inabaki 1,500, yaani robo lita.

Kisha nikaligeuza fumbo: mama katumia 2/3 ya lita. Hapo ni 4,500 toa 4,000, inabaki 500, na jibu lake la 1/12 likawa sahihi. Neno moja tu limebadilika, na mafuta yamepungua kutoka robo lita hadi kitone cha jero. Tangu siku hiyo, kila sehemu anayoikuta kwenye fumbo anaandika pembeni ni sehemu ya nini, kabla hajagusa KDS.

Faida nyingine sikuitarajia. Kwa bei ya 6,000, kila 1/12 ni jero. Kwa hiyo 9/12 − 8/12 ni jero tisa toa jero nane, akaona kwa nini asili (namba za chini) lazima zilingane kwanza: robo ya lita ni 1,500 na theluthi ni 2,000, huwezi kuzihesabu pamoja mpaka zote uzivunje kuwa jero. Hata kukopa, kulikokuwa kunamliza, kukalainika. Lita 3 1/4 toa lita 1 2/3 ni jero 39 toa jero 20, zinabaki 19, ambazo ni lita 1 7/12.

Bei hiyo haifai kila mahali. Kwa 3/5 − 1/4 ya kilo ya unga tulitumia 2,000: 1,200 toa 500 ni 700, na 700 katika 2,000 ni 7/20. Siku hizi bei anapanga mwenyewe. Juzi alipewa 5/7 − 1/2, akasema kilo iwe 1,400, akapata 3/14. Kwenye daftari la shule bado anaandika hatua za KDS kama mwalimu anavyotaka. Bei zinabaki kwenye karatasi ya pembeni, za kuhakiki jibu.