Maili zinaoza: nilivyosafiri nikiwa benchi

Nikimsikia tena mtu anamwambia aliyepoteza kazi "tunza maili zako, zitakufaa ukishapata kazi," nitapiga kelele. Maili ni pointi unazopewa na shirika la ndege kila ukiruka, ambazo baadaye unalipia tiketi. Mimi niliambiwa hivyo na watu wenye akili zao timamu, wakiwemo wenye kadi za dhahabu za wasafiri wa mara kwa mara, ambao ndio hasa walipaswa kujua. Akiba haiozi, wakaniambia. Ya shamba na kiwanja, sawa. Maili zinaoza.

Zinaoza kwa tarehe na zinaoza kwa bei. Tarehe angalau unaiona kwenye akaunti. AAdvantage, programu ya maili ya American Airlines iliyoanza 1981, inafuta salio lisiloguswa kwa miezi 24. KrisFlyer ya Singapore Airlines haijali hata kama unaruka kila wiki: maili ikitimiza miaka 3, kwaheri. Kuoza kwa bei ndiko kubaya zaidi kwa sababu hakuonekani. Delta iliondoa jedwali lake la bei za maili 2015, United ikafuata 2019, na siku hizi kiti kinagharimu maili ngapi ni kompyuta ndiyo inayoamua asubuhi hiyo. Salio lako linabaki lilelile, halijapungua hata moja, ila safari uliyokuwa unaitolea macho imeshasogea mbele. Halafu mtu anakwambia tunza.

Kwa miaka kadhaa kazi ilinirusha huku na huko. Nauli alilipa mwajiri, maili zikaingia kwangu. Idara yetu ilipofungwa nilibaki na mafao ya kuhesabu kwa uangalifu, begi la magurudumu lililochakaa, na salio la maili ambalo mtu akiliona angedhani ni namba ya simu. Maskini mwenye haki ya kuingia launji, ule ukumbi wa chakula na mapumziko wa uwanja wa ndege. Nilicheka peke yangu.

Kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho nikiwa kazini ni tarehe. Mwenye ajira anasafiri likizo ya mwisho wa mwaka pamoja na dunia nzima, na viti vya maili wakati huo ama havipo ama vinauzwa kwa salio la ukoo mzima. Mashirika mengi hufungua viti hivi karibu mwaka mmoja kabla ya safari, kisha huachia vilivyobaki siku za mwisho mwisho, yakishaona havitanunuliwa kwa fedha. Mwenye kazi hawezi kuvitumia hivyo vya mwisho, kwa sababu bosi hakubali uage Jumatatu uondoke Jumatano. Mimi nimuage nani? Kwa hiyo nilikuwa naruka Jumanne za katikati ya miezi isiyo na sikukuu yoyote, ndege nusu tupu, nimelala viti vitatu.

Sasa niwaeleze shauri bovu kuliko yote nililopewa, maana bado linaniuma. Rafiki yangu mmoja, mtaalamu wa kila kitu, aliniambia niache kuhangaika na maili, ninunue tiketi ya "kushukia katikati." Yaani unataka kwenda mji B, lakini tiketi ya kwenda mji C kupitia B ni nafuu kuliko ya kuishia B. Unanunua ya C, ukifika B unashuka, unatokomea. Inatokea kweli, kwa sababu B ni ngome ya shirika fulani na hakuna wa kushindana nalo, wakati C wanagombaniwa abiria. Rahisi huvunja upishi, lakini nilikuwa natafuta kubana matumizi, nikanunua.

Masharti ya mchezo huu ni begi la mkononi tu, maana la kupakia litakwenda C bila wewe. Nikafika getini na kibegi changu. Mhudumu akatangaza kwamba sehemu za juu zimejaa, wenye mabegi yenye magurudumu wayakabidhi, yatapokelewa mwisho wa safari. Nikasema lina dawa. Akasema toa dawa. Nikasema dawa ziko nyingi. Akaniangalia kwa huruma ya kweli, akaniacha nalo. Nikajiona mjanja kwa kama dakika kumi, hadi ndege ikatangazwa kuchelewa, na sote tukaitwa kaunta kupangiwa upya. "Habari njema," kijana wa kaunta akaniambia, "tumekupitisha mji mwingine, utafika C mapema kuliko ratiba."

Nikamwambia mimi napenda kupitia B.

"Kwa nini?"

Utajibu nini? Nilimwambia napenda uwanja wao wa ndege. Kijana alitazama skrini, akanitazama mimi, akatazama skrini tena. Akasema pole, ndege ya kupitia B imejaa. Na kisheria alikuwa sahihi, maana shirika limeahidi kukufikisha C, halikuahidi kukupitisha popote. Nikafika C, mji nisio na shughuli nao wala mtu, mapema kuliko ratiba kama alivyosema, nikapanda basi la usiku kucha kurudi B, na nauli ya basi ikala karibu akiba yote. Rafiki yangu nilipompa habari alisema nilikuwa na bahati mbaya. Bahati? Ndivyo tiketi hizo zilivyo. Ukiacha kipande kimoja, vyote vinavyofuata vinafutwa, kwa hiyo tiketi ya kwenda na kurudi usiijaribu kabisa. Na mashirika hayachukulii utani: Lufthansa iliwahi kumpeleka abiria mahakamani Berlin kwa kuacha kipande cha mwisho cha tiketi yake. Mahakama ya kwanza iliitupa kesi, lakini fikiria unapokea wito huo huku huna mshahara.

Basi nikarudi kwenye maili zangu, na hapa nitajisifu kidogo.

Pointi zangu nyingi zilikuwa Aeroplan, programu ya Air Canada, ingawa ndege ya Air Canada yenyewe karibu sijaipanda. Ndiyo faida ya miungano ya mashirika ya ndege. Star Alliance ipo tangu 1997, na ndani yake kuna Turkish, Ethiopian, Egyptair, Lufthansa na wengine; unaruka na huyu, pointi unaweka kwa yule, unazitumia kwa wa tatu. Aeroplan ina mambo mawili niliyoyapenda. Tangu walipoibadilisha programu yao mwaka 2020 hawaongezi tozo ya mafuta kwenye tiketi za pointi. Na kwa pointi 5,000 za ziada wanakuruhusu kusimama njiani hadi siku 45 kwenye tiketi ya kwenda tu. Siku 45! Mwenye kazi atazifanyia nini? Kwangu zilikuwa kama zimeandikiwa jina.

Mpango wangu: Istanbul, ambako rafiki ana kochi na hana maswali, nikae wiki kadhaa, kisha niendelee Lisbon kwa dada yangu. Tiketi moja. Tovuti ikakataa. Nikitafuta ndege ya kwenda Istanbul peke yake, ipo. Istanbul hadi Lisbon peke yake, ipo. Zote pamoja, hakuna safari. Hapo wengi hukata tamaa, wakanunua vipande viwili kwa bei ya viwili.

Nilichukua karatasi. Nikaandika namba ya kila ndege, tarehe, saa ya kuondoka, na herufi ya daraja la tiketi, maana ndani ya Star Alliance kiti cha maili cha daraja la kawaida hutajwa kwa X na cha bizinesi kwa I. Ukimtajia mtu wa simu herufi hiyo, sauti yake hubadilika, anajua hazungumzi na mgeni. Nikapiga. Dada wa kwanza akatafuta, akasema hakuna. Nikamshukuru, nikakata, nikapiga tena. Kijana aliyepokea akasema mfumo unakataa, nikamuuliza unakataa nini, akasema unakataa tu. Nikashukuru, nikakata. Hii si dharau. Kila mtu wa simu ana uzoefu wake, na kubishana na asiyejua ni kupoteza dakika zako na zake.

Mwisho akapokea mama mmoja, sauti nzito, anayeonekana kuwa kwenye kazi hiyo tangu tiketi za karatasi. Nikaanza kumsimulia safari yangu, akanikatisha: "Mwanangu, usinipe safari. Nipe ndege moja moja." Nikamsomea ya kwanza. Nikasikia vidole vinagonga. "X ipo." Ya pili. Vidole. "X ipo. Sasa tulia." Kimya, kisha akaguna, kwa sababu mfumo ulikuwa umezihesabu kama tiketi mbili. Akazifuta, akazipanga upya, akaanza kunung'unika na kompyuta kama mtu anayembembeleza punda aliyegoma. Halafu akanitajia pointi, pamoja na zile 5,000 za kusimama, na kodi ambazo zilikuwa fedha ya kawaida tu, pungufu ya usiku mmoja wa hoteli nzuri. Nilitaka kumkumbatia kupitia waya.

Kodi hizo ndizo watu wasizoziuliza. Kiti kilekile, ndege ileile, nilikuwa nimekiona kwenye programu nyingine kwa maili pungufu kidogo, lakini na tozo ambazo zingekaribia bei ya tiketi ya kununua. Tiketi ya bure yenye bei! Kabla hujafurahia idadi ya maili, bonyeza hadi ukurasa wa mwisho uone fedha taslimu. Na kama safari inaanzia Uingereza, kuna kodi ya abiria inayoumiza kwenye safari ndefu. Ukiunganisha tu pale chini ya saa 24 hulipi, ndiyo maana wengine huanzia Dublin, Ireland, wakaunganisha tu Uingereza.

Jambo jingine, kwa wenye pointi za benki, zile za kutumia kadi: usizihamishie shirika la ndege hadi mtu wa simu akuthibitishie kiti. Mwenzangu aliona viti viwili kwenye tovuti, akahamisha pointi zote, akarudi kuvichukua, vikawa hewa. Vilikuwa vinaonekana tu, havikuwepo. Na pointi zikishahama hazirudi. Na kadi ya mkopo usiyoweza kuilipa yote mwisho wa mwezi iache droo; hakuna maili inayolingana na riba.

Huko njiani nilijifunza kuipenda kadi yangu ya dhahabu kwa namna ya aibu. Nikiwa kazini nilipita launji kuchukua maji. Nikiwa benchi nilifika saa nne kabla ya ndege, nikala, nikaoga, nikatuma maombi ya kazi kwa intaneti yao, nikala tena. Na wakitangaza ndege imejaa kupita kiasi wanatafuta wa kujitolea kubaki, mimi nilikuwa wa kwanza kusimama. Ulaya na Marekani sheria zinawataka waombe wa kujitolea kabla ya kumzuia mtu kwa nguvu, na wa kujitolea anapatana nao bei. Usikubali vocha ya kwanza. Uliza hoteli nani analipa, na vocha inaisha lini.

Usaili nilifanya Istanbul, kwa video, shati juu na kaptula chini. Wakaniuliza niko wapi. Nikasema nyumbani. Nyumba ya nani hawakuuliza.

Kilichonitoa jasho ni viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, kwa sababu fomu inadhani kila binadamu ana mwajiri. Niliambiwa niombe ofisi ya zamani inidanganyie barua. Usifanye hivyo, wanapiga simu. Niliandika barua yangu mwenyewe: kazi imeisha lini, mafao yako wapi, nitakaa kwa nani, narudi lini na kwa nini. Nikaambatisha taarifa ya benki, mwaliko wa dada, bima inayofikia euro 30,000 kama kanuni inavyotaka, na tiketi zangu za maili. Huo ndio ujanja wenyewe: tiketi nyingi za maili unaweza kuzifuta kwa ada ndogo na maili zikarudi, kwa hiyo unapeleka tiketi halisi, si zile karatasi za kughushi zinazouzwa mitandaoni, na ukinyimwa viza hujazika nauli nzima.

Viza ikatoka, ila ya siku chache kuliko nilizoomba, ikabidi nibadilishe tarehe ya kurudi iwe mapema zaidi. Nikapiga simu nikiomba niunganishwe na yule mama. Hawafanyi hivyo. Kijana aliyepokea akasema mfumo unakataa. Nikamshukuru, nikakata, nikapiga tena.