Sauti ya chumba kitupu

Juzi mpwa wangu, anayejifunza kushuti kwa simu, alisikiliza kwa makini kipande cha ile filamu yetu ya mjane. "Mjomba, hapa hakuna anayeongea, mbona kuna sauti?" Nikamwambia hicho ni chumba. Halafu ule usiku ukanijia wote.

Fungu la fedha hatukuwa nalo. Tulikuwa tumesoma kwamba Robert Rodriguez, mwongozaji wa Marekani, alitengeneza filamu yake ndefu ya kwanza, iliyotoka 1992, kwa takriban dola 7,000, kamera ikisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Nasi tukaazima kiti. Taa ilikuwa ya mafundi ujenzi, maikrofoni tuliifunga kwenye mpini wa ufagio. Kanda yetu ndogo ya video, MiniDV, ilibeba dakika 60 tu, kwa hiyo tulifanya mazoezi hadi midomo ikakauka ndipo tukarekodi.

Saa nane usiku tukamaliza sini ya mwisho. Watu wakaanza kukunja nyaya. Kijana wa sauti akasema, "Bado chumba!" Wakaguna, lakini alikuwa na haki. Ukikata maneno ya mwigizaji wakati wa kuhariri, sauti hufa ghafla pale ulipokata, na sikio hushtuka. Pengo hilo huzibwa kwa ukimya wa chumba kilekile, uliorekodiwa watu wakiwa bado wamo ndani. Nusu dakika inatosha.

Friji tulishaizima. Kijana akainua ule mpini, mkono ukimtetemeka kwa uchovu. Mama aliyeigiza mjane, ambaye hakuwahi kusimama mbele ya kamera kabla yetu, alibaki ameketi. Sini ilikuwa imekwisha, ila machozi yake hayakuwa yamekwisha. Yalishuka mpaka kidevuni, naye akajiziba mdomo kwa kiganja asije akaharibu sauti. Mabega yalikuwa yakipanda na kushuka. Mpiga picha akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Kamera ilikuwa bado inarekodi, akaigeuza taratibu kumfuata.

"Tumepata," kijana akasema. Mama akajifuta uso, akauliza nani atamrudisha nyumbani.

Kuhariri kulitutoa jasho kwa miezi mingi. Kipande kile nilimwonyesha yeye kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, nikamwambia akikataa nakiondoa. Alikitazama mara mbili, akasema kiache. Kikawa mwisho wa filamu, na watazamaji humsifu hasa kwa uigizaji wa pale. Nami hufurahi kwa ajili yake. Lakini kama pale alikuwa akiigiza, sijui, na sidhani kama ni juu yangu kumuuliza.