Siku moja na wageni sita chini ya Wieliczka

Saa 12:10 asubuhi. Simu inalia kabla ya kengele niliyoitega. Ni kaka mmoja wa kikundi changu, sauti bado ya kitandani. Anauliza kwa nini nimewaambia tukutane asubuhi ilhali tiketi imeandikwa 10:30, naye kajipanga kulala hadi mchana. Namweleza kwamba hiyo ni saa ya Kizungu. Si saa kumi na nusu jioni, ni saa nne na nusu asubuhi. Kimya kidogo. Kisha: "Ahaa. Basi ngoja nioge."

Mimi ni mkalimani hapa Kraków, kusini mwa Poland. Siku nyingi kazi yangu ni mikutano na makaratasi, lakini mkutano ukiisha wageni hutaka kutembea, na wakitaka kutembea wengi hutaja mgodi wa chumvi wa Wieliczka. Huko hamwingii wenyewe. Kila kikundi hushuka na mwongozaji wa mgodi. Waongozaji wa lugha kubwa za Ulaya wapo. Kiswahili hakipo, ndiyo maana naitwa.

Saa 2:30. Kituo kikuu cha treni. Ni Novemba, nje nyuzi 2 hivi, na pumzi zetu zinatoka kama moshi wa kuni. Wageni ni sita. Mzee wetu ni mwalimu mstaafu. Bi ana magoti yenye maneno yake. Wengine wanne ni vijana wa makamo, akiwemo kaka wa simu, ambaye hakupata muda wa chai. Bi ananivuta pembeni: "Mwanangu, niambie ukweli. Ngazi ni nyingi?"

Namwambia ukweli. Za mwanzo tu, za kushuka, ni 380, na mzunguko mzima una kama 800. Kurudi juu ni kwa lifti. Anafikiri, anatazama viatu vyake, anasema, "Kama ni kushuka, tutashuka."

Saa 3:10. Treni hadi Wieliczka haifiki nusu saa. Kituo cha mwisho kinaitwa Rynek-Kopalnia, yaani Sokoni-Mgodini, na ukishuka ni mwendo mfupi kwa miguu. Njiani napenda kumaliza mambo ya idadi, maana kule chini watu hawasikilizi tarakimu. Chumvi hii iliachwa na bahari iliyokauka zamani sana, miaka milioni 13 na zaidi iliyopita. Mwamba wake ulianza kuchimbwa katika karne ya 13, na uchimbaji wa biashara ulikoma mwaka 1996. Mgodi una tabaka tisa za mahandaki, la chini kabisa liko mita 327, na mahandaki yote yakiunganishwa ni zaidi ya kilomita 240. Sisi tutatembea kama kilomita tatu na nusu, tena hatutapita mita 135. UNESCO iliuweka kwenye orodha yake ya urithi wa dunia mwaka 1978, ile orodha ya kwanza kabisa iliyokuwa na maeneo 12 tu.

Kaka wa simu anauliza kama chini kuna chai.

Saa 4:30. Tunaingia kwa shimo la Daniłowicz, lililochimbwa karne ya 17. Mwongozaji wetu ni mama wa makamo aliyevaa sare nyeusi ya kimgodi yenye vifungo vinavyong'aa. Anatusalimu "Szczęść Boże", salamu ya wachimbaji: Mungu akujalie. Hapa huwa sihangaiki. Kundi langu lina Waislamu na Wakristo, nawaambia ni "Mola akujalie", na wote wanaitikia.

Ngazi ni za mbao, zinazunguka ndani ya shimo la mraba: vidato vichache, unageuka, vidato vichache, unageuka. Baada ya dakika kadhaa kichwa kinaanza kuzunguka chenyewe. Ukichungulia katikati unaona ngazi zinaendelea chini hadi jicho linachoka. Bi anahesabu kwa sauti ndogo. Alipofika mia mbili na kitu akapoteza hesabu, akaanza kusoma dua badala yake. Mita 64 chini tunasimama, na jambo la kwanza wanalosema wote ni kwamba huku kuna joto. Si joto, ni nyuzi 17 hadi 18 mwaka mzima, lakini ukitoka kwenye Novemba ya juu unafungua koti.

Jambo la pili ni la kukata tamaa. "Chumvi iko wapi?" Kuta ni za kijivu iliyokolea, kama jiwe la kawaida lililolowa. Mwongozaji amezoea. Anasema mnaweza kulamba. Vijana wanatazamana. Mzee anavua miwani, anasogea ukutani, analamba, anageuka. "Mimi nimekula chumvi nyingi," anasema, "lakini ya ukutani ndiyo leo."

Nikamtafsiria mwongozaji maneno tu, akatabasamu kwa adabu. Ikabidi nimweleze kwamba kwetu kula chumvi nyingi ni kuishi miaka mingi. Hapo ndipo akacheka kwelikweli, akaniomba nimwandikie sentensi hiyo kwenye karatasi.

Saa 5 kasoro. Kuna kanisa dogo la Mtakatifu Antonio, la mwisho wa karne ya 17. Sanamu zake za chumvi zimelika na unyevu kwa miaka mingi hadi nyuso zimefutika; umebaki umbo la mtu tu, kama sabuni iliyotumika. Adui wa mgodi wa chumvi ni maji, hata yale yaliyomo hewani. Mwaka 1989 mgodi uliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya unyevu, ukatolewa mwaka 1998 baada ya mambo kurekebishwa. Mwaka 1992 maji yalivunja njia kwenye handaki moja, na ardhi ya juu ikaanza kudidimia. Hata leo maji ya chumvi yanayoingia huvutwa nje kwa pampu na kuchemshwa, chumvi yake inapatikana hivyo. Mgodi hauchimbwi tena, lakini ukiachwa peke yake utazama.

Saa 5:15. Kwenye ukumbi wa Janowice kuna sanamu za hadithi ya Kinga, na hapa ukalimani wangu unapata kazi ngumu kuliko yote ya siku. Kinga alikuwa binti wa Béla wa Nne, mfalme wa Hungaria, aliyeolewa na Bolesław, mtawala wa Kipolandi. Hadithi inasema alimwomba baba yake asimpe dhahabu wala fedha, ampe chumvi aende nayo kwa watu wake wapya. Baba akampa mgodi. Kinga akavua pete, akaitupa ndani ya shimo kule Hungaria. Alipofika Poland akaamuru wachimbe mahali fulani, wakakuta mwamba wa chumvi, na ndani ya bonge la kwanza, pete yake.

Tatizo ni neno. Zamani nilikuwa nasema "mahari", na kila mara wageni walichanganyikiwa: mahari anatoa mume, sasa huyu baba anajitolea mahari ya nini? Hapa mali ilitoka kwa baba wa bibi arusi kwenda na binti. Leo nimesema "mali aliyopewa na babake aende nayo kwa mumewe". Refu, lakini halina mgogoro. Isipokuwa kwa Bi, aliyeuliza: "Na mume alitoa nini?" Nikatafsiri. Mwongozaji akafikiri kidogo, akajibu kwamba hadithi haisemi. Bi akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuelewa kila kitu.

Saa 5:40. Ukumbi unaoitwa "Ulioungua". Hapa kuna sanamu za watu wanaotambaa wakiwa wameshika miti mirefu yenye moto mbele. Gesi ya methani hukusanyika juu karibu na paa. Wachimbaji wazoefu walivaa nguo zilizolowa maji, wakatambaa chini, wakainua mwenge mrefu kuichoma kidogokidogo kabla haijajaa na kulipuka. Kwa Kipolandi waliitwa "watubu", kwa sababu ya namna walivyojikokota chini kama watu wanaoomba toba. Nikalisema hivyohivyo. Hakuna aliyeuliza swali. Kaka wa simu, ambaye tangu asubuhi alikuwa akipiga picha kila kona, hapa hakupiga.

Farasi pia walifanya kazi huku, wakizungusha magurudumu ya kuvutia mizigo juu. Wengine wakishateremshwa hawakurudi. Farasi wa mwisho, jike aliyeitwa Baśka, alipandishwa juu mwaka 2002.

Na mzigo wenyewe? Chumvi ilikatwa mabonge makubwa ya umbo la pipa ili yaweze kuviringishwa. Bonge hilo linaitwa *bałwan*. Kwa Kipolandi cha leo neno hilo ni sanamu ya theluji wanayojenga watoto, na pia ni mtu mjinga. Nilipolieleza hilo kundi zima lilianza kuitana *bałwan*, na mwongozaji akanitazama kama mtu niliyemharibia darasa.

Saa 6 mchana. Kanisa la Mtakatifu Kinga, mita 101 chini. Unatokea juu kwenye roshani, na linafunguka chini yako lote kwa mara moja: urefu wa mita 54, taa za kuning'inia zilizotengenezwa kwa vipande vya chumvi safi, sakafu inayoonekana kama vigae kumbe ni mwamba mmoja wa chumvi uliochorwa mistari. Kazi ilianza mwaka 1896. Waliochonga ni wachimbaji, ndugu wawili Józef na Tomasz Markowski, kisha Antoni Wyrodek, aliyechonga ukutani Karamu ya Mwisho kwa kufuata ile ya Leonardo da Vinci. Ibada hufanyika humu hadi leo.

Ni pazuri. Sibishani na hilo. Watu zaidi ya milioni moja kwa mwaka hawaji bure. Lakini mara hii ya nne au ya tano nikisimama hapa naona macho yangu yananitoroka. Kanisa lilifanywa ili litazamwe. Mimi napenda zaidi kile ambacho hakuna aliyekifanya kitazamwe, nacho kipo mbele kidogo.

Saa 6:30. Ukumbi wa Michałowice. Chumvi iliyokatwa hapa ilikwisha kuondoka zamani, ukabaki utupu wenye kimo cha zaidi ya mita 30, na utupu huo umejazwa magogo. Magogo kwa maelfu, yamelazwa yakapandana, yakasimamishwa, yakakingamana hadi juu gizani, yamepakwa chokaa ili mwanga mdogo wa taa urudi. Paa zima limelala juu yake.

Chumvi chini ya uzito hutambaa. Polepole mno, lakini inasogea, inataka kuziba tundu ililotobolewa. Gogo linaizuia. Na kwa nini gogo badala ya chuma? Chumvi hula chuma, lakini mti huutunza. Magogo ya karne zilizopita bado ni magumu kama jiwe. Tena mti hulalamika kabla ya kuvunjika. Unapasuka, unalia, mchimbaji anasikia na kukimbia.

Mzee alisimama hapa muda mrefu kuliko kanisani. Akaegemea gogo moja, akaligonga kwa vifundo vya vidole kama anayebisha hodi. "Huu msitu wote ulitoka wapi?" Mwongozaji akasema misitu ya vilima vya karibu, tena si kwa magogo tu, maana kuni pia zilihitajika kuchemshia maji ya chumvi. Katika karne ya 14, chumvi ya eneo hili iliingiza takriban theluthi ya mapato ya hazina ya mfalme. Mzee akanihesabia vidoleni: chumvi ilitoka chini, msitu ukashuka mahali pake. Nami nikaegemea karibu naye, tukatazama juu hadi tukaitwa mara mbili.

Saa 7 na robo. Ziwa. Maji meusi, kimya, yenye chumvi zaidi ya gramu 300 kwa lita. Yanaakisi vizuri mno, huoni yanapoanzia. Muziki unapigwa na taa zinabadilika rangi. Ningekuwa na uwezo ningeuzima.

Saa 7:40. Chini kuna mkahawa, na kaka wa simu alipata chai yake, ya limau, akailipia złoty nyingi na kusema inastahili.

Saa 8:30. Lifti. Ni ile ya kimgodi, vyumba vidogo vimepandana, mnasimama bega kwa bega. Mlango unafungwa, giza linaingia, na kitu kinakurusha juu. Bi alinishika mkono hadi ukauma. Haikuzidi dakika moja. "Umeona," akaniambia tulipotoka, "magoti yangu hayakusema kitu."

Saa 10 jioni. Kraków, na jua limekwisha kuzama. Tunaagana mlangoni mwa hoteli. Bi ananionyesha mkono wa koti langu: kuna alama ndefu nyeupe kuanzia begani hadi kwenye kiwiko. "Umebeba chumvi ya watu," anasema.

Saa 2 usiku. Nyumbani naandika maneno ya leo kwenye daftari: *bałwan*, watubu, mali ya bibi arusi. Koti liko kitini. Nalivuta, natazama huku na huku ingawa niko peke yangu, nalamba ile alama nyeupe.

Chokaa.